Mti wa kurasa za kazi: tuupange kwa idara, kwa mialo au kwa kazi yenyewe?

MhifadhiKirumba:
Wakuu, habari za kazi. Naomba tujadili jambo ambalo kwa nje linaonekana dogo, lakini ofisini kwetu limezua mabishano ya muda mrefu: namna ya kupanga kurasa za maarifa ya timu kwa ngazi, yaani ukurasa upi uwe mama, upi ukae chini yake, na mti mzima uanzie wapi.

Kampuni yetu ni ndogo, ipo Kirumba jijini Mwanza, na kazi yake ni kufunga na kutengeneza vyumba vya baridi, mashine za barafu na taa za sola za kuvulia dagaa katika mialo, yaani vituo vya ufukweni vya kupokelea samaki, ya Ilemela, Sengerema na Ukerewe. Kila fundi anaporudi huandika alichokifanya na alichokikuta, na maandishi hayo huwekwa kwenye wiki ya ndani, yaani tovuti ya kurasa zinazoandikwa na timu yenyewe, ambayo sote tunaisoma kwa simu au kwa kompyuta. Kuandika hakujatusumbua. Kinachotusumbua ni kwamba kila mmoja aliuweka ukurasa wake pale alipoona panafaa siku hiyo, kwa hiyo maelezo ya kubadilisha kompresa yapo chini ya "Idara ya Ufundi", mengine yapo chini ya "Nansio", kule Ukerewe, na mengine yamejificha chini ya ukurasa uitwao "Mengineyo", ambao sasa ndio wenye watoto wengi kuliko kurasa zote.

Mezani kuna mapendekezo matatu. La kwanza ni kufuata idara, na wakubwa wanalipenda kwa sababu linafanana na chati ya uongozi iliyobandikwa ukutani. La pili ni kufuata mialo, kila mwalo na tawi lake. La tatu ni kufuata kazi: kufunga, kukagua, kutengeneza, kununua vipuri, kudai malipo. Mimi naegemea la tatu. Idara hubadilika, ununuzi wetu ulikuwa chini ya fedha, sasa upo chini ya ghala, lakini namna ya kuagiza kipuri haijabadilika hata kidogo. Mti unaofuata chati ya uongozi hulazimika kupandwa upya kila madaraka yanapohama, na fundi mgeni asiyejua nani anawajibika kwa nani hawezi kuufuata hata ukiwa mpya. Waliowahi kupanga kitu cha namna hii, naomba mnikosoe.

FundiBaridi:
Mkuu Mhifadhi, kuhusu idara niko pamoja nawe, lakini kuhusu mialo nakupinga. Mimi ni fundi wa kusafiri. Ninapopanda meli kwenda Nansio sihitaji somo la kompresa, kwa kuwa kompresa naijua. Ninahitaji kujua chumba cha baridi cha pale kinatumia gesi ya aina gani, ufunguo wa kibanda cha jenereta anao nani, umeme huzingua saa ngapi, na fundi aliyenitangulia aliacha nini nusunusu. Mambo hayo yakitawanywa chini ya "Kukagua", "Kutengeneza" na "Kununua", nitalazimika kupita matawi matatu ili nijue habari za jengo moja. Nikikosa tawi moja, nafika kisiwani bila kipuri, na duka la kukipata liko Mwanza mjini. Kwangu mimi, mwalo ndio ukurasa mama.

MkutubiNyamagana:
Ndugu zangu, mnabishana jambo ambalo wakutubi wamelibishania tangu karne ya kumi na tisa. Melvil Dewey alipotoa mpango wake mwaka 1876, aligawa maarifa yote katika madaraja makuu kumi, kila daraja katika mafungu kumi, na kila fungu katika sehemu kumi. Ni mti safi sana, na kila kitabu hupata mahali pamoja kwenye rafu. Sasa muulizeni Dewey sangara anakaa wapi. Sangara kama kiumbe yupo 597 pamoja na samaki wengine, uvuvi wake upo 639, na namna ya kumpika ipo 641. Samaki ni yuleyule mmoja, lakini msomaji anayetaka kujua habari zake zote atazunguka vyumba vya maktaba.

Ukisema Dewey alikosea, ukachukua somo la sangara na kulifanya daraja, wale wanaosoma mapishi kwa jumla ndio watakaozunguka. Hakuna mti utakaomridhisha kila msomaji, kwa sababu mti hulazimisha kitu kimoja kiwe na mzazi mmoja, ilhali jambo lolote la kweli lina pande kadhaa. Mkutubi wa India, S. R. Ranganathan, aliliona hilo, na mwaka 1933 akatoa mpango wake wa kuainisha kwa nukta pacha (:), ambamo somo halitafutiwi tawi moja bali huvunjwa katika sura zake: kitu chenyewe, maada yake, kinachotendeka, mahali na wakati.

Chukueni ukurasa mmoja wa kampuni ya Mhifadhi, kwa mfano "Kukagua betri za taa za dagaa, Kayenze, siku za mbalamwezi". Kitu ni betri ya taa, kinachotendeka ni ukaguzi, mahali ni Kayenze, na wakati ni zile siku ambazo mwezi ni mkubwa, wavuvi wa dagaa wanapumzika na taa zinapatikana nchi kavu. Mti utabeba sura moja tu kati ya hizo. Kwa hiyo swali la Mhifadhi ningelibadilisha kidogo: ni sura ipi ibebwe na mti, na zipi zibebwe na lebo pamoja na viungo? Programu nyingi za wiki huruhusu ukurasa mmoja kuwa na lebo nyingi, hata pale zinapouruhusu kuwa na mzazi mmoja tu.

FundiBaridi:
Mkutubi, nimekuelewa, lakini lebo zina ugonjwa wake. Kwetu mtu mmoja aliandika lebo "jokofu", mwingine "friji", mwingine "chumba-baridi", mwingine "coldroom" kwa herufi kubwa na ndogo. Ukibonyeza moja unapata robo ya kurasa na unadhani ndizo zote. Mti angalau unaonekana wote kwa macho, na aliyepotea anaweza kurudi ngazi moja juu akaangalia majirani wa ukurasa alioupata.

MkutubiNyamagana:
Ni kweli, na dawa yake ni orodha ya lebo zilizokubaliwa, iwe kwenye ukurasa mmoja unaosimamiwa na mtu mmoja. Lebo za mahali ziwe majina ya mialo jinsi yanavyoandikwa rasmi, na za vifaa ziwe chache. Lebo ambayo haimo kwenye orodha isitumike mpaka iombewe nafasi. Hilo la kuangalia majirani umelisema vizuri. Ndiyo faida kubwa ya mti ambayo kisanduku cha kutafutia hakina, kwa kuwa anayetafuta kwa neno lazima awe analijua neno lenyewe.

MzeeMasjala:
Wanangu, nimefanya kazi masjala kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na haya mnayoyaita kurasa mama na kurasa watoto sisi tulikuwa nayo kwa majalada ya karatasi. Namba ya jalada ilianza na ofisi, ikafuata somo kuu, kisha somo dogo, vyote vikitenganishwa kwa mkwaju (/), na ndani ya jalada kila barua ilipewa namba ya folio, yaani namba ya karatasi. Barua moja iliyogusa mambo mawili haikukatwa vipande viwili. Iliwekwa kwenye jalada moja, na kwenye jalada la pili ikaingizwa karatasi ya kuelekeza kwamba barua hiyo tazama jalada fulani, folio fulani. Hicho ndicho mnachokiita kiungo.

Nataka niwaonye kuhusu kupanga ngazi ya juu kwa maeneo. Mkoa wa Geita ulipoanzishwa mwaka 2012, wilaya ya Geita ilitoka kwetu Mwanza, Chato ikatoka Kagera na Bukombe ikatoka Shinyanga. Busega nayo ilimegwa kutoka Magu ikaenda Simiyu. Ofisi iliyokuwa imepanga majalada yake kwa mkoa kwanza na somo baadaye ilikuta jalada la maji, la barabara na la mifugo, kila moja likiwa na nusu inayopaswa kuhama na nusu inayopaswa kubaki. Aliyepanga kwa somo kwanza alihamisha majalada madogo ya chini, na ya juu yakabaki kama yalivyo. Ndiyo maana nasema kinachobadilika mara nyingi kikae chini ya mti, na kinachodumu kikae juu.

Jambo la pili ni kwamba masjala haikumruhusu kila karani kufungua jalada jipya. Kuandika barua aliruhusiwa, kufungua jalada hapana. Aliyetaka jalada jipya alikwenda kwa msimamizi, naye akaangalia rejista kama somo hilo halina jalada tayari. Ninyi mmemruhusu kila mtu kufungua, kisha mnashangaa "Mengineyo" imenenepa.

MhifadhiKirumba:
Shikamoo Mzee. Hoja ya rejista imenigusa. Niulize: jalada likijaa mlifanya nini? Kwetu ukurasa wa "Kutengeneza jenereta" umekuwa mrefu mno, na vijana wanataka uvunjwe kuwa kurasa ndogo kumi.

MzeeMasjala:
Marahaba. Jalada likijaa tulilifunga na kufungua juzuu ya pili kwa namba ileile. Hatukubuni somo jipya kwa sababu ya unene. Somo jipya lilifunguliwa pale ambapo watu walianza kuja kuuliza jambo moja ndani yake peke yake, mara kwa mara.

BintiUkerewe:
Naomba niingize sauti ya sisi tunaousoma huo mti kutoka upande wa pili wa maji. Mimi ni mtunza ghala wa barafu kwenye moja ya vituo vya Ukerewe, na wiki ya kampuni yetu (si ya Mhifadhi, lakini zinafanana) naisoma kwa simu. Mtandao ukiwa dhaifu, kila ngazi ya mti ni ukurasa mzima unaopaswa kufunguka kabla sijaona unaofuata. Walioupanga walikaa ofisini kwenye intaneti ya waya, wakaona ni vizuri kuwa na "Uendeshaji", ndani yake "Vituo", ndani yake "Visiwa", ndani yake "Barafu", ndani yake "Taratibu", na hapo ndipo panapopatikana ukurasa ninaoutaka. Kurasa hizo za kati hazina kitu ila orodha ya zilizo chini yake. Bando langu linakwisha kwa kusoma milango.

Ningependekeza mti usizidi ngazi tatu, na ukurasa mama usiwe mtupu. Uwe na aya mbili tatu zinazoeleza ndani yake kuna nini, nani anausimamia, na yale mambo mawili au matatu yanayoulizwa kila siku yaandikwe hapohapo ili wengi wasihitaji kwenda mbele. Ukurasa mama wetu wa barafu siku hizi una kiwango cha barafu kwa kila tenga na namba ya fundi wa zamu, na tangu viwekwe hapo simu za kuniuliza zimepungua.

Kuna jambo jingine, nalo ni majina. Nikitafuta kwa neno, matokeo yananionyesha ukurasa uitwao "Taratibu" na mwingine "Taratibu" na mwingine "Utangulizi". Aliyeandika aliona mzazi wake pembeni akadhani inatosha, lakini kwenye matokeo ya kutafuta mzazi haonekani, au anaonekana kwa maandishi madogo. Jina lijitosheleze: "Utaratibu wa kuzima mashine ya barafu umeme unapokatika". Ni refu, lakini nalijua kabla sijalifungua.

SevaNyakato:
Dada wa Ukerewe amesema kweli kuhusu majina, na zipo programu zinazolazimisha hivyo. Confluence, kwa mfano, haikubali kurasa mbili zenye jina moja ndani ya eneo moja la kazi, hata kama zina wazazi tofauti. Watu huilalamikia, lakini mimi naona inawafunza adabu ya majina.

Mhifadhi hakutaja programu anayotumia, na jambo hilo lina uzito, kwa sababu kila programu ina maoni yake kuhusu ngazi. BookStack, ambayo ni huria na ya bure, ina ngazi zisizobadilika: rafu, vitabu, sura na kurasa. Huwezi kuweka sura ndani ya sura. Kitabu kimoja kinaweza kuwekwa kwenye rafu zaidi ya moja, lakini ukurasa hukaa kwenye kitabu kimoja tu. Kwa timu ambayo haijawahi kupanga kitu naipenda sana, kwa kuwa inazuia ule ugonjwa wa ngazi sita. DokuWiki huhifadhi kila ukurasa kama faili la maandishi ya kawaida kwenye folda, bila hifadhidata, jambo linalorahisisha kunakili kila kitu kwenye fleshi na kwenda nacho kisiwani. Ila kuhamisha ukurasa kutoka tawi moja kwenda jingine kunahitaji kiongezi, yaani programu ndogo ya nyongeza, maana haikuja nacho. MediaWiki, ambayo ndiyo inayoendesha Wikipedia, ukihamisha ukurasa huacha kielekezi kwenye anwani ya zamani, kwa hiyo kiungo kilichotumwa kwenye kundi la WhatsApp miezi iliyopita kitaendelea kufanya kazi.

Wikipedia yenyewe ina somo kwetu. Ilipoanza Januari 2001, makala ziliweza kuwa na kurasa ndogo chini yake kwa kutumia mkwaju. Baadaye waliliacha jambo hilo kwa makala, wakatumia jamii, yaani makundi ya mada, ambapo makala moja huingia katika jamii nyingi kadiri inavyofaa. Hata hivyo sishauri timu ya mafundi iige hivyo. Wikipedia ina watu wengi wa kupanga na kupangua jamii usiku na mchana. Ninyi mna mmoja, naye pia huenda benki na kuagiza vipuri.

TarishiBusisi:
Nachangia kuhusu kurasa zilizokufa. Kwenye kampuni yetu ya usafirishaji tulikuwa na tawi zima la "Kivuko Kigongo–Busisi": muda wa kusubiri, malipo ya lori, la kufanya foleni ikiwa ndefu na barafu inayeyuka. Juni 2025 daraja la kilomita tatu likafunguliwa, na tawi lote likapoteza kazi kwa siku moja. Miezi ikapita, dereva mpya akausoma ukurasa huo akapanga safari kwa saa za kivuko. Mti hauna namna ya kumwambia msomaji kwamba tawi hili limekauka, kwa sababu ukurasa mfu na ukurasa hai hukaa pamoja chini ya mama mmoja.

Baadhi yetu walitaka kufuta. Wengine walikataa kwa kuwa ankara za zamani za mteja zinarejelea malipo ya kivuko, na siku akiuliza lazima maelezo yawepo. Tuliamua kuwe na tawi moja la "Kumbukumbu" mwishoni mwa mti, ukurasa uhamishiwe huko ukiwa na mstari juu kabisa unaosema haufuatwi tangu lini na badala yake usomwe upi.

MhifadhiKirumba:
Hilo la kumbukumbu nimelichukua. FundiBaridi, baada ya kusoma yote haya nimefikiria upya hoja yako ya mialo, na nadhani tunazungumzia kurasa za aina mbili tofauti. Ipo kurasa inayoeleza jinsi ya kufanya kazi, na hiyo ni ileile uwe Igombe au Nansio. Ipo pia kurasa inayoeleza hali ya mahali: gesi, ufunguo, jenereta, kilichoachwa nusunusu. Mimi nilikuwa nataka kuzilazimisha zote mbili chini ya kazi, nawe ulitaka zote mbili ziwe chini ya mwalo, na tungefanya ulivyotaka maelezo ya kubadilisha kompresa yangenakiliwa mara moja kwa kila mwalo, kisha yakirekebishwa Kayenze yabaki ya zamani Sengerema.

FundiBaridi:
Hapo tunakaribiana. Ikiwa kila mwalo utakuwa na ukurasa wake mmoja, tena mmoja tu usio na watoto, wenye hali ya mahali na viungo vya kwenda kwenye taratibu, mimi sina ugomvi na taratibu hizo kupangwa kwa kazi. Ninaomba tu historia ya matengenezo iwe kwenye ukurasa huo wa mwalo, ya karibuni ikiwa juu, kwa sababu hiyo ndiyo ninayoisoma nikiwa melini.

MhasibuPasiansi:
Samahani kwa kuchelewa. Hakuna aliyegusa suala la nani anaona nini, na kwangu ndilo linaloamua mahali pa ukurasa kabla ya mengine yote. Katika programu kadhaa kizuizi cha kusoma hurithiwa: ukiufunga ukurasa mama, watoto wake wote wanafungwa. Hiyo ni nzuri kwa mishahara na mikataba. Lakini kwetu mtu aliuweka utaratibu wa kudai posho ya safari chini ya "Fedha", na "Fedha" ilikuwa imefungwa kwa ajili ya mikataba, hivyo wale walioandikiwa utaratibu huo hawakuweza kuuona na hawakujua kama upo. Kinyume chake kina hatari zaidi: ukurasa wa siri ukihamishwa kutoka kwa mama aliyefungwa kwenda kwa aliye wazi, ulinzi wake unaweza kubaki kulekule ulikotoka.

Kwa hiyo kudai malipo kuwe chini ya kazi, kama Mhifadhi alivyopendekeza, pawe wazi kwa wote. Mikataba na mishahara visikae ndani ya mti huu kabisa. Vipewe eneo lao.

MhifadhiKirumba:
Mhasibu, nashukuru, maana "Fedha" yetu ipo hivyohivyo leo.

Nimepeleka mapendekezo ofisini na yamekubaliwa kwa majaribio. Juu kutakuwa na matawi manne: "Kazi", "Mialo", "Vifaa" na "Kumbukumbu". Chini ya "Kazi" kutakuwa na kufunga, kukagua, kutengeneza, kuagiza vipuri na kudai malipo, na chini ya kila moja taratibu zenyewe, basi. Chini ya "Mialo", ukurasa mmoja kwa kila mwalo, bila kupita kwa wilaya wala mkoa, kwa hoja ya Mzee. "Vifaa" imebaki na mjadala, kwa sababu kuna wanaoona kwamba karatasi za watengenezaji wa kompresa zingetosha kuwa viambatisho. "Mengineyo" imefungwa isipokee ukurasa mpya, na zilizomo zitahamishwa kadiri mtu atakavyozihitaji, si zote kwa mkupuo. Kufungua ukurasa chini ya ngazi ya pili ni ruhusa kwa wote. Kufungua tawi ni mpaka tuzungumze.

MzeeMasjala:
Hizo zilizomo ndani ya "Mengineyo" ambazo hakuna atakayezihitaji, mtazifanyaje?

MhifadhiKirumba:
Zitakaa hapo mpaka mwisho wa msimu wa ukaguzi, Mzee, kisha zitakazokuwa hazijaguswa zitapelekwa "Kumbukumbu" zikiwa na tarehe. FundiBaridi ndiye aliyeomba zisifutwe, kwa kuwa mojawapo ina mchoro wa nyaya wa jenereta ambayo hakuna anayejua ipo mwalo gani.

FundiBaridi:
Ipo Kayenze. Nitaiweka lebo leo jioni.